Mwaka wa "Nimeona" na "Nimeambiwa"

Lemayian tulimzika Bisil, nyuma ya boma lake, siku ya upepo uliopeperusha karatasi za ratiba hadi kwenye zizi la mbuzi. Nilikaa safu ya mwisho chini ya hema, pamoja na wenzangu watatu wa zamani ambao sasa wana mvi na miwani kama mimi. Akasimama binamu yake mmoja, suti ya kubana na simu mbili mkononi, akasema marehemu alikuwa mtu wa bidii, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyeheshimika mpaka Namanga, "ila kuna miaka alipoteza akipiga porojo kwa mtandao, kubishana na watu hawajui, mara simu, mara gemu, mara siasa." Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kumsamehe aliyekufa. Nilisimama kabla sijajiuliza kama nina haki ya kusimama, nikasema kwa sauti, "Haikuwa porojo." Msimamizi wa shughuli akageuka na kipaza sauti chake. "Mama, uko na neno?" Nikamwambia niko nalo, lakini ni refu, na kuna wazee wamekaa juani wanangoja chakula. Nikakaa. Neno lenyewe ni hili, na yule binamu akilisoma nitafurahi zaidi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilifanya kazi kwenye saiba ya Mutiso, duka la intaneti pale Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati. Kilikuwa chumba kirefu chenye kompyuta tisa zilizotenganishwa na mbao nyembamba, kiasi kwamba ukikohoa kwenye namba mbili, mtu wa namba tano anakwambia pole. Vumbi la malori ya kokoto lilipanda ngazi kama mteja, na kila asubuhi niliipangusa ile mitambo kwa kitambaa kibichi huku Mutiso akinionya nisiiloweshe. Nyuma kulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia televisheni mbili za gemu ya mpira, ambako vijana waliokuwa wamemaliza shule na hawajapata kazi walitukanana kwa mapenzi kuanzia saa nne. Nilijua siri za mji mzima bila kumuuliza mtu, kwa sababu watu wa siku hizo wakiandikiwa barua walitamka kila neno kwa nguvu. "Andika hardworking," fundi mmoja wa umeme aliniambia, "halafu weka tena chini, wasisahau." Nikaiweka mara mbili. Kazi aliipata.

Wateja wakipungua nilikuwa Maskani. Maskani lilikuwa baraza la mtandaoni, la watu kama sitini hivi, wengi wa Kitengela na Athi River, wachache wa Kajiado na Bisil. Mwenye kuliunda alikuwa amepata kazi nje ya nchi na kutuachia, na mimi nikawa msimamizi kwa sababu nilikaa mbele ya kompyuta siku nzima. Jina langu la humo lilikuwa Chumvi, na kwa vile msimamizi anaweza kufuta, kusahihisha na kufungia, waliniita Chifu. Wengi waliamini Chifu Chumvi ni mzee wa makamo mwenye kitambi. Sikuwakatalia. Tulikuwa na vyumba vitatu: Mitambo, Siasa na Gemu. Kwenye Mitambo tulipigana wiki tatu kuhusu simu za laini mbili kutoka China, kama ni simu ama ni mchezo wa kuigiza. Kwenye Gemu kulikuwa na vita ya kudumu juu ya diski za kunakili: mmoja akisema ni wizi, mwingine akimuuliza ile diski halisi amewahi kuiona duka gani la Kitengela. Siasa nilikuwa naifungua mwisho, baada ya chai, kama mtu anayefungua sufuria asiyojua imepikwa lini.

Siku hizi najua vijana wana makundi kwenye simu, ujumbe mia kwa saa, picha juu ya picha, na hakuna anayekumbuka kesho alichoapa leo. Siwatukani. Lakini Maskani neno la mtu lilikaa. Ukisema upuuzi mwezi wa pili, mwezi wa tisa kuna mtu anauleta na kukuwekea mbele ya uso. Ndiyo maana tuliandika kwa uangalifu, na ndiyo maana tulibishana kwa hasira, kwa sababu hakuna aliyetaka kukutwa. Mimi niliyefundishwa nyumbani kwamba msichana hajibishani na wakubwa, nilijifunzia pale kumwambia mtu mzima, kwa heshima zote, umekosea, na hii hapa sababu.

Sheria yetu kubwa ilitoka kwa mtu aliyejiita Dalali wa Bisil. Dalali aliandika kutoka kwenye simu ya vitufe, kwa herufi kubwa tupu, akidai herufi ndogo ni za watu wa ofisi. Siku moja mtu wa Gemu alileta habari kwamba mashine mpya ya kuchezea tayari inauzwa Nairobi, na watu wanne wakafunga safari kwenda kuitafuta wasiipate. Wakarudi wamenuna. Dalali akaandika: "HAPA BISIL HAKUNA MTU ANANUNUA NGOMBE YA KUAMBIWA. UNASHIKA MGONGO, UNAFUNGUA MDOMO, UNAANGALIA MENO. NYINYI WATU WA KITENGELA MNANUNUA MPAKA KIVULI." Akapendekeza kila anayeleta habari aanze na neno moja kati ya mawili: Nimeona, au Nimeambiwa. Tukapiga kura, ikapita. Habari ya Nimeona iliishi mradi watu wanaijadili. Habari ya Nimeambiwa iliishi siku tatu, na kama hakuna aliyekuja na Nimeona yake, msimamizi aliishusha kwenye kona tuliyoiita Uvumi, mahali ambapo hakuna aliyesoma. Kazi hiyo ya kushusha ilikuwa yangu. Niliifanya kwa furaha ya kijinga, ya mtu aliyepewa rungu kwa mara ya kwanza.

Naserian alikuwa mwalimu wa darasa la sita Kajiado mjini, na alikuja kwetu kila Jumamosi na mtihani wake kwenye bahasha. Nilimuuliza kwa nini asichape huko kwao. "Kajiado ukichapa mtihani Ijumaa," alisema, "Jumapili watoto wanakariri kanisani." Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na mgumu wa kugeuzwa. Nilimchapia, naye alisimama nyuma yangu akihesabu nukta. Saa saba tulikwenda nyuma ya kaunta, tukaketi juu ya katoni za karatasi, tukala chapati na maharagwe ya madondo kutoka kwa mama wa chini, sahani moja, kwa sababu alisema sahani mbili ni za watu wasiojuana. Nilimwingiza Maskani mimi mwenyewe. Akajiita Shanga. Aliandika kidogo, na akiandika watu walinyamaza kumsikiliza, hata wale wa Gemu.

Mwaka huo mheshimiwa mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu ana watoto na hawakufanya kosa, alikuwa amezindua kituo cha kompyuta cha vijana pembeni mwa mji wa Kajiado. Kulikuwa na utepe, hema na wimbo wa shule. Kisha mlango ukafungwa, kwamba wanangoja umeme. Funguo zilikuwa tatu: moja ofisini kwa mheshimiwa, moja kwa mwalimu mkuu wa Naserian, na ya tatu kwa Naserian, kwa sababu yeye ndiye angefundisha humo umeme ukija. Jumamosi moja alikula nusu ya chapati, akaiweka chini.

"Niliingia kuangalia soketi ziko wapi," alisema. "Nikasukuma boksi moja kando na mguu. Rispa, hiyo boksi ilienda mpaka kwa ukuta. Haina kitu ndani."

"Zote?"

"Nilijaribu tano. Ya sita nikaogopa, ningelia."

"Andika."

"Nitaandika nimeambiwa."

"Lakini si umeona?"

"Nitaandika nimeambiwa," alirudia, akapangusa vidole kimoja kimoja. "Na wewe umenisikia."

Aliandika palepale, mashine namba nne: Nimeambiwa kwamba maboksi ya kituo cha Kajiado ni matupu. Sentensi moja, hakuna chumvi wala pilipili. Kufikia Jumapili Siasa ilikuwa inawaka. Shabiki mmoja wa mheshimiwa akasema ni wivu wa wanawake. Mwingine akaleta lisemwalo lipo. Dalali, ambaye hakumpenda mheshimiwa wala hakumchukia, akauliza swali lake lile lile: "ALIYEONA NI NANI? KAMA HAKUNA, CHIFU ASHUSHE. SHERIA NI SHERIA." Jumanne ilikuwa siku ya tatu. Tangu asubuhi nilikuwa nikiufungua ule ukurasa na kuufunga. Nilijua ni kweli. Nilijua aliyeona, nilikuwa nimekula naye sahani moja. Na kuna mtu kwenye mabishano alikuwa ameandika kwamba Chifu akishusha hii, basi Chifu naye ameshalishwa. Hilo neno lilinichoma. Mtu ananiita mimi mla hongo, mimi ambaye nilipanga chumba kimoja na kupika dagaa wa omena siku nne kwa wiki!

Nikafanya ambalo msimamizi wa Maskani hakuwahi kulifanya. Nilifungua ujumbe wa Shanga, nikafuta Nimeambiwa, nikaandika Nimeona. Ilinichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Haikuacha alama yoyote. Simu yangu ilikuwa mfukoni na namba yake ilikuwa ndani ya simu, na sikumpigia. Nataka hilo lisomeke vizuri, kwa sababu nimesikia watu wakisimulia kisa hiki na kunifanya shujaa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwanzo sikuwa shujaa. Nilikuwa mtu aliyetaka kushinda mabishano.

Jumatano saa tano alipanda ngazi mtu wa ofisi ya mheshimiwa, mwenye faili ya kijani. Alisalimia kwa adabu, akaketi bila kukaribishwa, akatoa karatasi: kurasa za Maskani, zimechapwa. Mutiso alikuwa amesimama kando akipangusa kibodi ambayo nilikuwa nimeshaipangusa.

"Huyu Shanga ni nani?"

"Sijui. Watu huku wanatumia majina ya kujitungia."

"Ameandika ameona. Hiyo nyumba iko na funguo tatu, madam. Mbili, wenye ziko nazo nawajua, hawawezi ongea hivi. Sasa mimi sitaki kuonea mtu. Nataka tu uniambie ni huyo mwalimu, ndio tumalizane na yeye peke yake." Aliangalia chumba chote, kompyuta moja baada ya nyingine, mpaka kwenye pazia. "Leseni ya hii biashara iko sawa, boss?"

"Iko sawa," Mutiso alisema kwa sauti ambayo haikuwa yake.

"Basi nitarudi Ijumaa."

Alipoondoka Mutiso aliketi kwenye kiti cha namba moja. Alikuwa mtu wa Machakos, muumini, asiyetukana, na siku hiyo pia hakutukana. "Rispa, mimi niko na watoto watatu shule," aliniambia. "Mambo ya gemu sawa. Simu sawa. Hii nyingine ungeacha na wenye nguvu." Saa kumi na nusu Naserian akafika, siku ya katikati ya wiki, bado ana chaki kwenye sketi. Hakunisalimia. Alisimama mlangoni.

"Nani aliguza maneno yangu?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ingeshushwa, Naserian. Ilikuwa siku ya tatu."

"Na ikishushwa, mimi ningekufa?" Vijana wa gemu walipunguza sauti ya televisheni nyuma ya pazia. "Ijumaa nimeitwa na hiyo ofisi ya mheshimiwa. Mwalimu mkuu ameniambia nikuje na barua yangu ya kuajiriwa. Unajua maana ya hiyo? Wewe ulikuwa unaona ni neno moja."

Akashuka. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani, na nimeishi, nimekosea mengi. Sikuogopa faili. Niliogopa kwamba Ijumaa mtu atafutwa kazi kwa sababu ya neno langu, na atafutwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Kukana kwamba namjua hakungemsaidia. Kurudisha neno la zamani kungemmaliza kabisa, maana wangesema ameogopa, na mwenye kuogopa ni mwenye kosa. Njia niliyoiona ilikuwa moja. Lile neno Nimeona lilikuwa langu, mimi ndiye nililiandika. Basi ilibidi niende nikaone.

Alhamisi nilimwambia Mutiso naumwa jino, nikaenda Kajiado. Ilikuwa siku ya soko la mifugo, mji umejaa vumbi na shuka nyekundu na fimbo, na kila mtu anaongea kuhusu bei ya mtu mwingine. Nilikikuta kituo nyuma ya uwanja wa shule, nyumba safi yenye paa la bluu na bango kubwa la mheshimiwa akitabasamu. Soja wa kulinda mlango alikuwa mzee wa Kimaasai mwenye koti la mvua juani, amekaa kwenye jiwe.

"Takwenya," alinisalimia.

"Iko," nikaitikia, na hapo ndipo Kimaasai changu kinapoishia. "Mzee, nimekuja kutumia kompyuta."

Alinitazama kama niliyeomba kutumia mwezi. "Bado."

"Bango inasema ni ya wananchi. Mimi ni mwananchi."

"Rudi wiki ijayo."

"Nitangojea hapa."

Nikaketi kwenye ngazi. Nilikaa saa nzima, jua likinichoma utosi. Alinipa maji kwenye kikombe cha bati, nikashukuru, nikaendelea kukaa. Mwishowe alicheka peke yake, kicheko cha mtu ambaye kwa miezi hakuna aliyemletea tatizo lolote la maana. "Wewe madam uko na kichwa ngumu. Sikia. Mimi niliambiwa nichunge mlango. Mlango siwezi fungua." Akanyanyua kidevu kuelekea upande wa pili wa nyumba. "Dirisha sijaambiwa."

Nilizunguka. Dirisha la nyuma lilikuwa limepoteza vioo vitatu vya chini. Nilichungulia. Maboksi yalikuwa yamepangwa vizuri kwenye meza, kila moja na picha ya kompyuta ubavuni. Mawili yalikuwa yameanguka chini, midomo wazi, ndani hakuna kitu, hata ile sponji nyeupe ya kuzuia mtikisiko. Na kwenye la tatu, lililokuwa karibu na dirisha, kuku mwekundu alikuwa amelala. Alinitazama kwa jicho moja, akakasirika, akaruka kupitia mle mle nilimochungulia na kunigonga bawa shavuni. Nikahesabu mayai sita. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, kisha nikagundua nalia, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Siku zote hizo dirisha lilikuwa wazi. Kuku aliingia na kutoka. Mji mzima ungeweza kuona bila ufunguo wowote, na hakuna aliyekuwa amezunguka nyumba. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi wenye macho tulikuwa tumekaa mbele tukisoma bango.

Saa tisa nilikuwa Kitengela, mashine namba nne. Niliandika Siasa, wazi, mbele ya watu sitini: "Nimeona. Jina langu ni Rispa Nekesa, nafanya kazi saiba Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati, na mimi ndiye Chumvi. Leo nimechungulia dirisha la nyuma la kituo cha Kajiado, ambalo halina vioo vitatu, na mtu yeyote mwenye shingo anaweza kuchungulia. Maboksi niliyoyaona ndani ni matupu. Kwenye moja kuku ametaga mayai sita. Pili, Shanga aliandika Nimeambiwa. Neno Nimeona kwenye ujumbe wake niliweka mimi, bila ruhusa yake, kwa kiherehere changu. Mwenye kutaka kuuliza aniulize mimi." Nilisoma mara tatu. Hakukuwa na uongo hata herufi moja. Nikatuma, na kiburi kikanijaa kifuani. Sikionei aibu kiburi kile hata leo.

Waliolipuka kwanza ni watu wa Gemu. Mmoja akaandika kwamba kuku wa Kajiado ana nafasi kubwa kuliko mashine yake. Mwingine hakuweza kuvumilia kwamba Chifu ni msichana, na mabishano ya hilo yakaenda kurasa mbili. Shabiki wa mheshimiwa akasema nimelipwa. Dalali alikaa kimya Alhamisi yote, na kimya chake kiliniumiza kuliko matusi. Ijumaa saa nne asubuhi akaandika:

"MIMI LEMAYIAN WA BISIL. NIMEONA. NIMETOKA HAPO DIRISHANI SASA HIVI. KUKU NI MWEKUNDU. MAYAI NI SABA, CHUMVI ALISEMA SITA, AMA HAJUI KUHESABU AMA KUKU ANAFANYA KAZI KULIKO SERIKALI. NENO YA PILI. CHIFU AMEGUZA NENO YA MTU. HUKU KWETU HIYO NI KUBADILISHA ALAMA KWA NGOMBE YA MWENYEWE. ATOKE KWA KITI LEO."

Ilikuwa mara ya kwanza kuliona jina lake. Mtu ambaye kila siku ya soko alisimama mbele ya wanunuzi wa kila namna, wakiwemo wanaokula kwa mheshimiwa, alikuwa ameweka jina lake na mji wake. Na katika pumzi hiyo hiyo alitaka nivuliwe rungu. Kabla ya saa saba watu wengine saba walikuwa wamefika dirishani au wamemtuma ndugu yao, na wale waliotuma ndugu, kwa uaminifu mkubwa, waliandika Nimeambiwa. Kura ya kunitoa ilipita. Na mimi niliipigia kura ya ndiyo.

Mtu wa faili alirudi saa nane. Safari hii hakuketi. Karatasi zilikuwa nyingi zaidi na zilimteleza mkononi.

"Nani alianza hii maneno?"

"Andika mimi. Rispa. R, I, S, P, A."

"Nimekuuliza aliyeona kwanza."

"Kuku," alisema kijana mmoja nyuma ya pazia, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, hata Mutiso. Yule mtu alinitazama kwa muda. Sikuinamisha macho. Nilikuwa naogopa sana na sikuinamisha macho. Akafunga faili, akashuka, na duka la mabati likamsindikiza kwa nyundo. Jumatatu iliyofuata Mutiso alinifuta kazi, kwa upole, akiniombea. Alhamisi akaniita nirudi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kuitoa karatasi ikikwama kwenye printa.

Lakini Jumamosi, kabla ya kufutwa, Naserian alikuja na bahasha yake ya mtihani. Ofisini walikuwa wamemngojesha Ijumaa mpaka saa tisa, kisha mtu akaja na habari za dirisha, na wakamwambia arudi darasani. Kazi yake ilikuwa salama. Nilimmiminia chai, nikaleta chapati, sahani moja. Hakugusa.

"Unajua kwa nini niliandika nimeambiwa?"

"Uliogopa. Hata mimi ningeogopa."

"Ona sasa." Alicheka bila furaha. "Nilikuwa nangoja tufunge shule. Wazazi wanakuja siku ya kufunga, wote. Nilikuwa nisimame mbele yao na huo ufunguo mkononi, niwafungulie mlango waingie. Nilikuwa nimeshapanga. Nilikuwa nimemwambia mama yangu. Hiyo Nimeambiwa ilikuwa ya kupima upepo tu. Wewe ukanihesabu muoga, ukaniamulia, halafu ukaniokoa. Sasa Kajiado yote inasema ni msichana wa Kitengela aliona."

"Naserian, pole."

"Pole ni ya nini? Nipe mashine."

Akaketi namba nne. Aliandika polepole, kwa vidole viwili, akitamka kila neno kwa nguvu kama wateja wangu wote: "Nimeona. Niliona kabla ya Chumvi, kabla ya kuku. Niliingia kwa mlango, na ufunguo ninao. Mimi ni Naserian, mwalimu wa darasa la sita. Shanga ni mimi."

"Wacha," nilimwambia. "Tafadhali. Si wamekuachilia? Watakupeleka mbali."

"Wanipeleke. Huko pia kuna watoto."

Walimpeleka kweli, muhula uliofuata, shule ya mabati kule upande wa Kona Baridi ambako upepo ulikuwa unang'oa mlango, na alifundisha huko miaka minane. Lakini Jumamosi ile hakuna kati yetu aliyelijua hilo. Nilisimama nyuma ya kiti chake, mahali alipokuwa akisimama yeye kunihesabia nukta, nikamwona akibonyeza. Maneno yakapanda Siasa na jina lake lote. Kama ningekuwa bado Chifu ningeyafuta palepale, kwa mapenzi, nikiamini namsaidia. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kibodi kabla sijakumbuka kwamba sina tena uwezo huo. Naserian aliutazama ule mkono. Nikauondoa.